Mguu mpana hauna kosa, tukiulize kiatu

Siku moja niliingia katika duka la viatu katikati ya jiji la Nairobi, nikamwarifu kijana aliyenipokea kwamba nilikuwa nikitafuta kiatu chembamba cha kukimbilia katika vijia vya msituni. Kijana alikuwa na adabu zake. Aliniita mama, akanikalisha kitini, akaingia stoo na kurejea na boksi tatu. Viatu vyote vitatu vilikuwa vyembamba kwelikweli: mbele vimechongoka mithili ya ngalawa, na chini vina soli nene kama mkate wa boflo. Mimi nilikuwa nimetaka kinyume chake kabisa.

Kosa halikuwa lake peke yake. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuo kikuu, na ningalipaswa kuchagua maneno yangu vyema zaidi. Kivumishi "-embamba" kina maana mbili katika lugha yetu. Karatasi ni nyembamba kwa kuwa si nene. Njia ni nyembamba kwa kuwa si pana. Nilichokuwa nikikitaka ni kiatu chenye soli nyembamba na kifua kipana, ambacho vidole vyangu vitano vingekaa ndani yake bila kupandana. Kumbe sentensi hiyo, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeichanganua bila taabu, haikuwa na kiatu chake katika duka lile, wala katika maduka mengine manne niliyoyazuru wiki hiyo.

Lililonikera zaidi ni neno alilolisema yule kijana baada ya kunisaidia kusukuma mguu hadi jasho likamtoka. "Mama," alisema kwa upole, "mguu wako ni mpana mno, haukitoshi kiatu."

Hebu msomaji aitazame sentensi hiyo. Katika Kiswahili nilichokikuta, kiatu ndicho kinachomtosha mtu. Kiatu humbana mtu, humpwaya, humchubua. Katika vitenzi vyote hivyo kiatu ndicho mtenda, nami ndimi mtendwa, na likitokea la kutokea, lawama ni ya kiatu. Kijana yule aliigeuza sarufi juu chini, akaufanya mguu ndio unaopaswa kukitosha kiatu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio madukani, na nimegundua kwamba wauzaji wengi husema hivyo, na sisi wanunuzi huitikia kwa aibu na kuomba radhi kwa ajili ya miguu yetu.

Mimi siombi radhi. Nilizaliwa katika milima ya Taita na nilikwenda shule ya msingi peku hadi nilipofika darasa la sita. Vijia vile vya mawe na udongo mwekundu ndivyo vilivyoutengeneza mguu huu. Wala si jambo la ajabu. Mwaka 1905 daktari wa Marekani aitwaye Phil Hoffmann alichapisha uchunguzi wake wa miguu ya watu waliozoea viatu na ya wasiovivaa. Alionyesha kwamba watoto wote huanza na umbo lilelile la mguu, kisha viatu ndivyo vinavyovikusanya vidole vikawa kama kabari. Miaka zaidi ya 100 baadaye, mwaka 2009, Kristiaan D'Août na wenzake walipima miguu ya watu wanaotembea peku nchini India, wakaona kwamba sehemu yao ya mbele ni pana zaidi. Kwa hivyo mguu mpana si kilema. Ni mguu uliokua bila kubanwa, na nchini mwetu, hasa mashambani, miguu ya namna hiyo ni mingi.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mwanamke wa makamo asivae kiatu chochote kile na kunyamaza. Jibu ni kwamba sikimbii kutafuta medali. Nilipovuka miaka 40 shinikizo la damu lilianza kupanda, na daktari akanipa hiari ya kutembea na kukimbia kabla hajanipa tembe. Nikaanza kwenda msitu wa Karura Jumamosi alfajiri, baadaye milima ya Ngong. Ndani ya miezi michache kucha za vidole vyangu viwili zilikuwa zimegeuka nyeusi, na baina ya kidole cha tatu na cha nne kukawa na ganzi na maumivu ya kuunguza. Daktari aliniambia kwamba neva ilikuwa imebanwa na kwamba tiba ya kwanza ni kiatu kipana.

Nikaenda dukani. Nikaambiwa nichukue saizi kubwa zaidi.

Ushauri huo hutolewa kila siku, na ni ushauri mbaya. Saizi za Kiingereza hupanda kwa thuluthi moja ya inchi, yaani takriban milimita 8.5, kipimo ambacho asili yake, amini usiamini, ni urefu wa punje ya shayiri. Ukipanda saizi moja unaongezewa punje moja ya urefu, ilhali upana unaongezeka kidogo tu. Kisigino sasa kinaogelea, na ncha ya kiatu inatangulia mahali ambapo mguu haupo. Barabarani huenda usione dhara yake. Katika kijia cha mteremko chenye mizizi na mawe, ncha hiyo ndiyo inayojikwaa. Mimi nilijikwaa Ngong nikiteremka, nikategua kifundo cha mguu, nikakaa wiki tisa bila kukimbia. Niliporudi kliniki shinikizo lilikuwa limepanda tena, na safari hiyo nikatoka na tembe mkononi.

Kwa wanawake hali ni mbaya zaidi. Kiwandani, upana wa kawaida wa kiatu cha mwanamke hupewa herufi B, na wa mwanamume herufi D. Ina maana kwamba tunaanza safari tukiwa tumekwisha kupunguziwa. Muuzaji mmoja alinishauri nihamie rafu ya wanaume, na akacheka. Nilihamia. Huko nilikuta kiatu cha kunitosha mbele lakini kisigino chake kingeweza kumeza ngumi yangu.

Yafaa niseme pia kwamba tatizo hili halikuanzia kwa wauzaji wetu. Mwaka 2015 wataalamu 42 kutoka nchi 11 walikubaliana juu ya fasili ya kiatu chepesi cha namna ninayoizungumzia, kile kinachouacha mguu ufanye kazi yake. Walitaja mambo matano ya kupimwa: uzito, unene wa soli, tofauti ya kimo baina ya kisigino na vidole, wepesi wa kupindika, na vile vidude vinavyowekwa ili kuudhibiti mguu usilale upande. Fasili nzuri hiyo. Lakini upana haumo! Wasomi walikubaliana juu ya kiatu kisichouingilia mguu, wakasahau kwamba ukuta wa ubavuni huuingilia kuliko soli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nisieleweke vibaya, mimi si mhubiri wa kukimbia peku. Habari hizo zimepigiwa chuku sana. Ni kweli kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka 1960 bila viatu, lakini mjini Tokyo mwaka 1964 alishinda tena akiwa amevivaa. Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti mwezi Januari 2010 ulioonyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia peku, wakiwemo wa Bonde la Ufa, aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Dunia ikaruka. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wasiovaa viatu vya kisasa, wakaona kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wanapokwenda mwendo wa kadiri. Na mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vyenye vidole vitano kama soksi za mkono, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 ili kuimaliza kesi ya Marekani kuhusu manufaa ya kiafya iliyoyatangaza, japo haikukiri kosa. Anayetoka kwenye soli nene na kurukia nyembamba kwa siku moja atajuta. Mifupa na misuli ya ndama hutaka miezi ya kuzoea.

Ugomvi huo wa kisigino na kidole nawaachia wenyewe. Suala la upana halina ugomvi wowote. Hakuna daktari atakayekuambia kwamba ni heri vidole vipandane.

Je, viatu hivyo havipo duniani? Vipo. Altra, iliyoanzia Utah, na Xero Shoes ya Colorado, zote zilizoanzishwa mwaka 2009, hukata sehemu ya mbele kwa umbo la vidole, na Vivobarefoot ya London hufanya hivyo pia, ingawa viatu vingi vya Altra vina soli nene kuliko nitakavyo mimi. Lakini kuviagiza kutoka ng'ambo bila kuvijaribu ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Gharama ya kuvirudisha na ushuru uliokwisha kulipwa humfanya mtu afunge kamba na kuvumilia. New Balance nayo huchapa herufi za upana, kama vile 2E na 4E. Niliwahi kuokota jozi yenye herufi hizo katika soko la mitumba la Gikomba, chini kabisa ya rundo. Muuzaji hakujua maana yake. Alidhani ni jina la kiwanda. Nilimweleza, naye akaniambia, "Basi, mwalimu, wewe ndiye wa kwanza kuisoma." Kiatu kilikuwa cha barabarani, si cha msituni, lakini ganzi ilipungua mwezi huohuo.

Ninachodai si makubwa. Kifaa cha kupimia mguu kwa urefu na upana kwa pamoja kilibuniwa na Charles Brannock wa Syracuse, New York, katika miaka ya 1920. Ni sahani ya chuma yenye vibao viwili vya kuteleza, na fundi yeyote wa jua kali angeweza kuiiga kwa siku moja. Maduka yanayotuuzia viatu vya bei ya kodi ya nyumba yanashindwaje kuwa nayo? Na waagizaji wanashindwaje kuandika upana kwa sentimita pembeni mwa saizi, kwa faida ya mnunuzi asiyezijua herufi za Marekani?

Zaidi ya hayo kuna suala la kalibu, yaani kile kigogo chenye umbo la mguu ambacho kiatu hujengwa juu yake. Kiatu hakiwezi kuwa kipana kuliko kalibu yake. Tuna kiwanda kikubwa cha viatu Limuru tangu enzi za ukoloni, tuna kituo cha kuwafunza mafundi wa viatu mjini Thika, na mwaka 2016 kampuni ya Enda iliwachangisha watu fedha kwa ajili ya kiatu cha mbio cha Kikenya kilichopewa jina la Iten. Ujuzi upo. Wanafunzi wenye utepe na karatasi wangeweza kuipima miguu ya shule kumi za Taita, Kisii na Baringo katika likizo moja, nasi tukawa na kalibu iliyotokana na watu wenye kukivaa kiatu.

Kabla ya siku hiyo, mwenye mguu kama wangu na ajisaidie hivi. Aende dukani jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana. Achukue karatasi aliyoichora mguu wake akiwa amesimama, si ameketi, kwa kuwa mguu hutanuka kwa uzito. Aitoe soli ya ndani ya kiatu, aikanyage. Kidole cha mwisho kikimwagika nje, na akirudishe kiatu bila kusikiliza hadithi kwamba kitatanuka. Na kamba asizipitishe katika matundu ya chini kabisa. Hapo kifua hupumua kidogo.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Kariokor kumwona mzee mmoja anayeshona makubadhi na kukata akala. Hakuniuliza saizi. Aliniambia nisimame juu ya kipande cha tairi, akachora kuuzunguka mguu wa kulia kwa chaki, kisha wa kushoto, akaniambia, "Binti yangu, huu wa kushoto ni mkubwa kuliko mwenzake, ulijua?" Sikujua. Watarahumara wa Mexico, waliosifiwa na Christopher McDougall katika kitabu chake cha mwaka 2009, hukimbia milimani na ndara za tairi zisizo mbali sana na hizo, nami nimezikimbilia zangu Karura mara nne bila ganzi. Ila tairi kuukuu huteleza kwenye tope, na mvua za masika zikianza itanibidi nizitundike. Kwa hivyo bado natafuta kiatu.