Mzigo Upite Wapi: Reli ao Bahari?



Vijana wa shule wanapenda kuuliza: ili kusafirisha shaba, ni nini inafaa zaidi, treni ao meli? Ni ulizo nzuri, maana linagusa hata sufuria ya mama nyumbani. Tulitazame pole pole.

Kwa bei, meli inashinda. Maji yenyewe yanabeba uzito, injini inasukuma tu. Meli moja kubwa inachukua makumi ya maelfu ya tani, na garama inagawanyika juu ya kila kilo. Lakini meli haipandi Kolwezi! Sisi tuko katikati ya bara. Hata miti ya Sulemani ilipita baharini mpaka Yafa, kisha ikapandishwa kwa inchi kavu mpaka Yerusalema.

Hapo treni inapata kazi yake. Gurudumu la chuma juu ya chuma linakwenda bila kukwama, ndiyo maana mashine moja inavuta mzigo mwingi kwa mafuta kidogo. Fanya hesabu: vagoni 30, kila moja tani 40, ni tani 1,200. Kwa kamio za tani 30 utahitaji kamio 40 na madereva 40, kila mmoja akingoja mpakani Kasumbalesa, mbali na bibi na watoto wake.

Basi treni na meli hazishindani, zinasaidiana. Ulizo la kweli ni hili: mzigo utashushwa na kupakiwa mara ngapi? Kila mara kuko malipo, kuko kungoja, na mwizi anapata nafasi.

Angalia njia ya ndani ya inchi yetu. Treni mpaka Ilebo, bato juu ya mito Kasai na Kongo mpaka Kinshasa, treni tena kilomita 366 mpaka Matadi, ndipo meli. Mzigo unahama mara tatu! Mto ni wa bei ndogo, lakini kule kuhama kunakula faida.

Sasa angalia Lobito, kule Angola. Toka Kolwezi hadi mpaka ni kilomita kama 400, na ndani ya Angola kama 1,300. Reli ni ya upana ule ule, basi mzigo unahama mara moja tu, bandarini.

Juu ya nini basi wazazi wetu hawakuitumia siku zote? Vita. Mwaka 1975 vita ya Angola iliikata njia hii kwa miaka mingi, na shaba ikatafuta njia za mbali, hata Durban, kupita kilomita 2,500 toka Lubumbashi. Vita ilikwisha mwaka 2002, reli ikatengenezwa upya, na mwisho wa mwaka 2023 treni ya majaribio ilipeleka shaba toka Kolwezi.

Kuko jambo lingine. Treni inayokwenda na shaba na kurudi mitupu inalipisha safari mbili. Ikirudi na unga, saruji na dawa, kila nyumba inapata nafuu.

Wewe kijana unayeishi kando ya reli, shika hili: anayeng'oa misumari ya reli aiuze kwa kilo, anapandisha bei ya unga wa mama yake mwenyewe. Nanyi wazazi, zungumzeni na watoto ginsi ya kuilinda. Reli ikiharibika huku kwetu, meli kule baharini itangoja bure.