Nafasi Mezani, au Nafasi Katika Sufuria?



Baba mmoja wa Mwakingali, Voi, ametuandikia barua ambayo tumeona tuijibu hapa hadharani, kwa kuwa aliyoyauliza huwafika wengi wanaoshuka mjini kwa shughuli za kifamilia. Kijana wake amepata mchumba Mombasa. Posa imekubaliwa, na kabla ya kutajwa siku ya nikaha wazee wa pande mbili wamepatana waonane na wale pamoja chakula cha mchana, siku ya Jumamosi. Jamaa za binti wanakaa katika vyumba viwili vya kupanga, na upande wa kijana, ambao ndio wenye kuposa, umejitolea kuwa mwenyeji. Watakuwa watu kumi na wanne, miongoni mwao bibi wa miaka themanini anayeteremka kutoka Wundanyi. Hoteli kubwa za ufukweni zimewazidi kimo. Wamechagua mkahawa wa kawaida wa mtaani katika Mji wa Kale, wenye meza za plastiki na masinia makubwa, ambao chakula chake wanakijua. Sasa anauliza: aweke nafasi mapema, au waingie tu kama aingiavyo kila mtu? Mwenye mkahawa ametaka arbuni ya shilingi 4,000, na shemeji yake anashikilia kwamba kuweka nafasi mahali kama pale ni kujitia makuu.

Shemeji ana sehemu ya haki. Kwetu Voi, neno hoteli maana yake ni mahali pa kula kabla ya kuwa mahali pa kulala. Msafiri hushuka basi, akanawa mikono, akaketi palipo wazi. Na wakija sita kwa pamoja, benchi husogezwa na mambo yakaendelea. Mikahawa ya mitaani Mombasa imesimama juu ya desturi iyo hiyo. Aliyemaliza huondoka, mwingine huketi penye joto lake, na mwenye mali hupata faida kwa wingi wa watu, si kwa urefu wa vikao vyao. Meza iliyohifadhiwa saa saba mchana ni meza iliyolala bila kazi katika saa ile ile ya soko. Kwa hiyo mtu akienda na mkewe na watoto wawili, hana haja ya kumsumbua mtu yeyote kwa simu. Na aende, akikuta pamejaa asubiri dakika kumi, au avuke barabara.

Lakini wakwe si wateja wa kuvushwa barabara. Wazee wanaokutana kwa mara ya kwanza hutazamana sana katika dakika zile za mwanzo, na mwenyeji anayezunguka akiomba kiti hapa na kiti pale, huku mama wa binti amesimama mlangoni na mkoba wake, ameshaanza vibaya kabla hajasema neno. Wala haifai kuwakalisha watu kumi na wanne katika meza nne zilizotawanyika, kila mmoja akila na mgeni asiyemjua. Walichokwenda kukifanya pale ni mazungumzo. Chakula ni kisingizio chake. Kwa idadi hiyo na kwa shughuli hiyo, jibu letu ni kwamba aweke nafasi, na shemeji atatuwia radhi.

Ila kuna jambo ambalo barua haikuligusa, nalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko viti. Katika mikahawa hii kinachotangulia kwisha ni chakula. Biriani na pilau hupikwa asubuhi katika sufuria kubwa, kwa kiasi alichokikadiria mpishi, na haviongezwi katikati ya mchana kama viazi vya kukaanga. Nyama ya biriani imeshalala katika mtindi na viungo, vitunguu vimeshakaangwa hadi vikawa vyekundu, wali umeshapaliwa. Ikifika saa nane sufuria ikaguswa chini, basi imekwisha, na atakayekuja atapewa kuku na chipsi. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, biriani hugombewa kuliko siku nyingine yoyote, na heri wazee hawa wamechagua Jumamosi. Mtu anaweza basi kuwekewa meza nzuri penye upepo, akaketi na wakwe zake, kisha asikie kuwa kilichobaki ni maharagwe. Kwa sababu hiyo aliyewekewa meza tupu amewekewa nusu ya jambo. Na aagize masinia: mangapi, ya nyama ipi, pilipili kiasi gani, na yaletwe saa ngapi. Mwenye mkahawa atamwelewa upesi zaidi, kwa kuwa kupikia idadi inayojulikana ni faida kwake, ilhali kukalia meza tupu ni hasara.

Jinsi ya kuagiza nayo ina adabu yake. Simu inayopigwa saa saba mchana hupokelewa na kijana aliyebeba sahani mkono wa pili. Atasema ndiyo kwa kila kitu, na jioni atakuwa amesahau. Ni bora kumtuma ndugu aliyeko mjini apite mwenyewe mnamo saa tisa na nusu au saa kumi, vurugu ya mchana ikiwa imetulia, aonane na mwenye mali au mpishi mkuu, na waandikiane idadi na saa. Nyota na picha za kwenye simu tusizipuuze, lakini tuzisome kwa macho yetu. Mgeni wa ng'ambo aliyesifu juisi ya ukwaju hakuwa akiangalia kama ngazi ina kishikio, wala kama akina mama watapata mahali pa kuswali adhuhuri.

Hapo ndipo tunapomfikia bibi wa Wundanyi. Yeye amezoea ubaridi wa milima ya Taita, ambayo kilele chake, Vuria, chapita mita 2,200 juu ya bahari. Kumkalisha Mombasa mchana katika chumba cha ndani kisicho na dirisha ni kumwonea. Nafasi yake iwe ya chini, si ghorofani, karibu na feni na karibu na mlango. Vichochoro vya Mji wa Kale vingine havipitishi gari, kwa hiyo yapasa kujulikana mapema tuktuk itamfikisha wapi na ni hatua ngapi zitabaki. Na mtu aliyelelewa kwa kimanga hatapenda kila kilichotiwa pilipili ya pwani. Sahani moja ya wali mweupe na samaki wa kupaka, isiyowasha, iagizwe kwa jina lake. Kama ana sukari, kama walivyo wazee wengi siku hizi, saa ya kula si jambo la heshima tu bali ni la afya.

Ama kuhusu safari, Voi na Mombasa zatengana kwa kilomita 150 hivi, lakini barabara hiyo haipimwi kwa kilomita. Malori ya bandarini yaweza kumkalisha mtu Mariakani au Changamwe muda ambao hakuuweka katika hesabu. Wako watakaosema wapande treni ya SGR, ambayo tangu 2017 ina kituo Voi. Ile itokayo Nairobi asubuhi hufika Miritini wakati saa ya chakula inapita, na kutoka Miritini hadi kisiwani bado kuna mwendo. Kwa chakula cha mchana, gari la alfajiri ndilo la kutegemewa, au kulala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo kwa jamaa. Aliyeweka nafasi na hawezi kufika kwa wakati amejiundia deni kwa mkono wake.

Limebaki suala la arbuni, ambalo ndugu yetu ameliuliza kwa woga. Sisi si mafakihi, na penye shaka imamu wa msikiti wake ndiye wa kumwendea. Tunalojua ni kwamba wanazuoni wengi wa zamani, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hawakuridhia muuzaji kuila arbuni pale mnunuzi anapojiondoa, ilhali Imamu Ahmad aliruhusu. Baraza la kimataifa la fiqhi, lilipokutana Brunei mwaka 1993, liliikubali kwa sharti kwamba muda wake uwe umewekwa bayana. Kwa mkahawa wa mtaani twaona njia nyepesi zaidi: zile shilingi 4,000 zihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya masinia yaliyoagizwa, na waelewane kwa maandishi kwamba akighairi kabla ya mpishi kwenda sokoni atarudishiwa, na akighairi baada ya nyama kununuliwa atalipia kile kilichonunuliwa. Zitumwe kwa M-Pesa, ujumbe uhifadhiwe. Mwenye mkahawa anayekataa kusema ni lini fedha hurudi na ni lini hazirudi, na aachwe. Mombasa haina uhaba wa pilau.

Mwisho, kuhusu saa ya kuwaambia wakwe. Asiseme "baada ya adhuhuri", kwani kwa mmoja hiyo ni saa saba na kwa mwingine ni saa tisa. Adhana ya adhuhuri Mombasa hutangulia saa saba mwaka mzima. Awaambie saa saba na nusu, masinia yaagizwe saa nane kasorobo, na yeye na kijana wake wawe wameshaketi pale saa saba.