Gitaa Halimfanyi Mtu Mvivu

Juzi baba mmoja wa kijiji chetu hapa Mahagi alivunja gitaa la mwanawe. Alisema, “Ni chombo cha wavivu.” Wengi walimsifu. Mimi simsifu.

Ndugu wazazi, mfikirini Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1930. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na kile kinachofuata tu, hata msikilizaji adhani wapigaji ni wawili. Je, mvivu aweza hayo? Jaribuni ninyi wenyewe! Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa wimbo wake “Masanga”. Bosco aliimba kwa Kiswahili, lugha yetu hii, akasikiwa hata Nairobi, na mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990, na wapiga gitaa wa ng’ambo wangali wakijifunza mapigo yake. Sisi twavunja!

Na adungu ya babu zetu Waalur, si nyuzi vilevile? Mbona hiyo hatuivunji?

Mtoto asipolima, mwulizeni habari za jembe. Akiisha kulima, jioni mwacheni na gitaa lake.