Rosa Mistika Haikumpotosha Mtu

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba Rosa Mistika, riwaya aliyoitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, yawafundisha vijana ufisadi, amemlaumu tabibu kwa maradhi aliyoyabainisha. Kwani ni nani, akiisoma kwa insafu, asiyeona kwamba maangamizi ya Rosa, msichana aliye mhusika mkuu, hayakuanzia shuleni wala chuoni, bali nyumbani kwao Ukerewe, kwa Zakaria, baba mlevi aliyempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, akidhani kwamba kutia hofu ndiyo malezi? Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kisha kikarejeshwa kikasomeshwa, kwa kuwa kuficha kitabu si kumhifadhi binti. Namtukuza Kezilahabi kwa sababu aliwahukumu wazazi kabla ya watoto, na hukumu hiyo ni ya haki.