Kwaya za kujitolea zifunguliwe milango

Mhariri,

Jioni, baada ya kazi, mafundi, walimu, mama lishe na wanafunzi hukutana kanisani au darasani kwa mazoezi ya kwaya. Hawalipwi. Wengi hawajui kusoma noti za mistari. Huimba kwa toniki solfa, mfumo uliobuniwa na Mwingereza Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Herufi chache ubaoni zinatosha kuwaongoza soprano, alto, tena na besi.

Matunda ya uimbaji wa kwaya ni makubwa. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya nchini Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake leo ni ya wimbo wa taifa wa Tanzania.

Mwili nao hufaidika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walionyesha kuwa mapigo ya moyo ya waimbaji wa kwaya huelekea kupanda na kushuka pamoja, kwa kuwa huvuta pumzi pamoja.

Ofisi za kata na shule ziwaruhusu wanakwaya hawa kutumia kumbi na madarasa yao jioni, bila kuwatoza chochote.

Msomaji,
Dar es Salaam