Fainali ya Wakombozi Irudi Nyumbani

Nasema wazi tangu mstari wa kwanza: fainali ya Copa Libertadores, kombe kubwa la vilabu vya Amerika ya Kusini, ichezwe tena kwa mechi mbili, moja kwa huyu na moja kwa yule, kama ilivyokuwa hadi mwaka 2018. Najua wasomaji wengi wa jarida hili wana mambo mengine kichwani kuliko mpira wa Brazili na Ajentina, hasa wakati huu wa mitihani. Lakini jambo hili lina maneno ndani yake, na maneno ndiyo kazi yetu.

Kiswahili kinaiita hatua hii mtoano. Walimu wetu wa mofolojia wametufundisha kukitambua kile kiambishi -an-: wawili wanatendeana jambo, na hapa wanatoana mpaka abaki mmoja. Wabrazili wanasema mata-mata, kutoka kitenzi matar, kuua. Neno limerudiwa, uradidi kama wetu. Ukilihamisha moja kwa moja utapata ua-ua. Majirani zao wenye Kihispania huita pambano la timu mbili llave, yaani ufunguo, na utaratibu wake huuita ida y vuelta, kwenda na kurudi. Sisi wa Lubumbashi, ambao mpira tuliusikia kwanza katika redio kwa Kifaransa, tunasema ale na retur. Ukiyapanga maneno hayo, karibu yote yanadai pande mbili: nitakuja kwako, nawe utakuja kwangu. Sasa niambieni, timu mbili zinapopelekwa katika mji wa tatu kucheza mara moja tu, nani amekwenda na nani amerudi?

Utaratibu wenyewe si mgumu. Timu 32 zinaingia hatua ya makundi na 16 zinabaki. Kutoka hapo hadi nusu fainali kila pambano lina mechi mbili, na aliyefanya vizuri zaidi katika makundi anapata haki ya kucheza ya pili nyumbani. Zamani bao la ugenini lilihesabiwa kuwa na uzito zaidi kama jumla imelingana. Tangu 2022 sheria hiyo imefutwa. Jumla ikilingana sasa, na fainali bado haijafika, hakuna muda wa nyongeza, watu wanakwenda penalti moja kwa moja. Ndiyo maana usiku wa marudiano una hofu ya aina yake: dakika 90 zikiisha sawa kwa sawa, hakuna tena nafasi ya kujirekebisha kwa miguu.

Na bara lile limeumbwa kwa ajili ya marudiano. Quito iko mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari, La Paz iko kama 3,600. Mtu aliyezoea hewa ya pwani ya Brazili akifika huko mapafu yanamwaka moto, na mpira wenyewe unaruka kwa kasi asiyoijua. Wabrazili hulalamika kwamba ni dhuluma. Lakini wiki inayofuata mtu wa mlimani naye anashushwa katika joto na makelele ya São Paulo au Rio. Kila mmoja anaonja maisha ya mwenzake. Mwaka 2025, katika nusu fainali, LDU ya Quito iliwafunga Palmeiras mabao 3-0 kule juu. Wengi tulidhani imekwisha. Siku saba baadaye, São Paulo, Palmeiras walishinda 4-0. Mechi ya kwanza ingekuwa ndiyo pekee, tungesema Palmeiras ni timu dhaifu. Ya pili ingekuwa pekee, tungesema LDU hawajui mpira. Ukweli ulikuwa katika kujumlisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Atlético Mineiro, mwaka 2013. Robo fainali dhidi ya Tijuana ya Meksiko (wakati huo vilabu vya Meksiko vilikuwa vikialikwa) walitoka 2-2 ugenini. Nyumbani Belo Horizonte ilikuwa 1-1, dakika za mwisho kabisa, mwamuzi akawapa wageni penalti. Ikiingia, Mineiro wametolewa. Kipa Victor akaruka upande mmoja, mpira ukaja karibu na katikati, akauzuia kwa mguu. Nusu fainali walifungwa 2-0 na Newell's Old Boys kule Rosario, wakarudi nyumbani wakashinda 2-0, wakapita kwa penalti. Fainali walifungwa 2-0 na Olimpia kule Asunción, wakarudi nyumbani wakashinda 2-0, bao la pili likiingia dakika ya 87, wakachukua kombe kwa penalti. Mara mbili mfululizo matokeo yaleyale! Mtunzi wa riwaya akiandika hivyo, mhakiki atamwambia apunguze. Watu wa Belo Horizonte walipewa wiki nzima ya kuamini kitu kisichoaminika, na wiki ile ya kusubiri, katikati ya mechi mbili, ndiyo roho ya mtoano. Mwanafunzi anazungumza na kinyozi, kinyozi na dereva, kila mtu anafanya hesabu yake. Fainali ya siku moja haina wiki hiyo.

Tangu 2019 fainali inachezwa mara moja, katika uwanja uliochaguliwa mapema kabla ya kujulikana nani atafika. Tazama kilichotokea. Mwaka 2021 Palmeiras na Flamengo, timu mbili za Brazili, zilipelekwa Montevideo. Mwaka 2022 Flamengo na Athletico Paranaense, Wabrazili tena, wakasafirishwa mpaka Guayaquil, Ekuador, na viti vitupu vikaonekana katika fainali ya kombe kubwa la bara. Mwaka 2024 Botafogo na Atlético Mineiro walikutana Buenos Aires. Mwaka 2025 Palmeiras na Flamengo wakakutana Lima. Upande mwingine, mwaka 2023 ule uwanja uliochaguliwa mapema ulikuwa Maracanã, na aliyefika fainali akawa Fluminense, ambaye hapo ni kwake. Boca Juniors akawa mgeni bila kuwa na zamu yake ya uenyeji. Kwa hiyo utaratibu huu unashindwa kwa njia mbili: mara unawanyima wote wawili nyumbani, mara unampa mmoja tu.

Ni kwa ajili ya nani, basi? Hapa nina ushahidi mdogo kutoka kitandani kwangu. Mechi za mtoano za katikati ya wiki, zile za saa tatu na nusu usiku kule Brazili, hapa Lubumbashi zinaanza saa nane na nusu za usiku. Anayezifuata anaamka gizani, anachungulia simu, anaomba umeme usikatike na bando lisiishe, na asubuhi anasinzia katika somo la fonetiki. Lakini fainali za siku hizi huchezwa Jumamosi alasiri yao, ambayo kwetu ni kama saa nne usiku, na Ulaya ni saa ya watu kukaa mbele ya televisheni wakiwa wamekwisha kula. Mimi nimefaidika. Sihitaji kuamka. Fainali imeondolewa kwa fundi wa Asunción na mchuuzi wa Belo Horizonte, wasioweza kulipa ndege, ikaletwa kwangu mimi nisiyeijenga. Sikuiomba, na nadhani si haki yangu.

Hoja ya kupinga ninayoisikia mara nyingi hapa mjini ni hii: wewe mtoto wa Lubumbashi, umesahau Abu Dhabi? Tarehe 14 Desemba 2010, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, TP Mazembe iliwafunga Internacional ya Porto Alegre 2-0. Kabangu alifunga la kwanza, Kaluyituka la pili, na Kidiaba akaruka-ruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Internacional hao walikuwa mabingwa wa Libertadores wa mwaka uleule. Ilikuwa mechi moja, uwanja huru. Kwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini ikafika fainali ya mashindano yale. Wanauliza: tungecheza marudiano Porto Alegre, tungepita?

Labda tusingepita. Nakubali kwamba mechi moja humpa mnyonge nafasi, na mashindano yanayokusanya mabara yote hayana njia nyingine. Lakini katika Libertadores yenyewe mnyonge hajapata chochote kutokana na mechi moja. Fainali saba zimechezwa hivyo kutoka toleo la 2019 hadi la 2025, na zote saba kombe limekwenda Brazili. Katika tano kati ya hizo wapinzani wote wawili walikuwa Wabrazili. Sababu kubwa ni pesa, wala sitaki kuidanganya hadhira ya chuo kikuu kwamba ratiba ndiyo iliyowatajirisha Flamengo. Ila angalia wadogo walivyoshinda zamani. Once Caldas, mwaka 2004, kutoka Manizales katika milima ya Kolombia: sare tasa ugenini kwa Boca, sare ya 1-1 nyumbani, penalti, kombe. LDU, mwaka 2008: walishinda 4-2 Quito, wakafungwa 3-1 Maracanã, na kipa wao Cevallos akazuia mikwaju mitatu ya Fluminense. Manizales iliona fainali kwa macho yake. Kwa utaratibu wa leo, ni nani angepanga fainali Manizales?

Wengine wanataja usalama, na wananikumbusha River na Boca mwaka 2018. Mechi ya kwanza ilikwisha 2-2 La Bombonera. Siku ya marudiano basi la Boca lilishambuliwa likielekea uwanja wa River, na mechi ikahamishiwa Madrid, ambako River alishinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Kombe lililopewa jina kwa heshima ya wakombozi waliowafukuza Wahispania likaamuliwa katika mji mkuu wa Hispania. Mwalimu akitaka mfano wa kinaya asihangaike kutafuta mwingine. Lakini uamuzi wa kuacha mechi mbili haukutokana na fujo ile. Ulikwisha kutangazwa Februari ya mwaka huohuo, miezi tisa kabla ya basi kupigwa mawe. Fujo ilikuja kuwa kisingizio cha jambo lililokwisha kuamuliwa.

Tena uwanja huru haukuwa mgeni katika kombe hili. Zamani, timu zikilingana kwa pointi baada ya mechi mbili, waliitisha mechi ya tatu mahali pengine. Santos ya mwaka 1962 ilimshinda Peñarol hivyo, 3-0 huko Buenos Aires. Mwaka 1966, Santiago, River aliongoza 2-0 dhidi ya Peñarol akafungwa 4-2 katika muda wa nyongeza, na mpaka leo wapinzani wanawaita gallinas, kuku, kwa sababu ya siku ile. Kwa hiyo sisemi kwamba uwanja huru hauzai mechi nzuri. Nasema ulikuwa mlango wa mwisho, unaogongwa baada ya nyumba mbili kushindwa kumaliza shauri.

Na kuna bara lililokwisha kujaribu dawa hii likaitema: letu. Mwaka 2019, baada ya ile aibu ya Radès, Wydad walipogoma kuendelea kucheza na Espérance kwa sababu mashine ya video haikufanya kazi, CAF iliamua fainali ya Ligi ya Mabingwa iwe mechi moja. Ilikuwa hivyo kwa matoleo matatu. Mwaka 2022 fainali ilichezwa Casablanca, kwenye uwanja ambao Wydad ni mwenyeji wake, dhidi ya Al Ahly, nao Al Ahly walilalamika sana. Mwaka uliofuata CAF ikarudisha mechi mbili, na timu zilezile mbili zikakutana tena, safari hii Cairo kwanza, kisha Casablanca. Al Ahly akashinda, na kila upande ulikuwa umepata zamu yake.

Sisi tunajua zamu hiyo ina thamani gani. Oktoba 2010 Mazembe ilimfunga Espérance 5-0 hapahapa Lubumbashi kabla ya kwenda Tunisia kumalizia kwa 1-1. Novemba 2015 ilirudi kutoka Algeria na ushindi wa 2-1 dhidi ya USM Alger, ikamaliza kazi Kamalondo kwa 2-0, Mbwana Samatta wa Tanzania akifunga moja kwa penalti. Mama anayeuza maandazi karibu na uwanja aliiona fainali ya Afrika bila pasipoti. Hakuna kamati ambayo ingeichagua Kamalondo miezi kumi kabla iwe mahali pa fainali ya bara. Ilichaguliwa na timu yenyewe, kwa kushinda.

Wakubwa wa CONMEBOL, pale Luque karibu na Asunción, hawana haja ya kubuni sheria mpya. Ileile inayotumika hadi nusu fainali inatosha: aliyefanya vizuri zaidi katika makundi amalizie nyumbani, Jumatano mbili zinazofuatana, usiku wao. Kwetu itakuwa saa nane na nusu, na mwalimu wa fonetiki nitamwomba radhi mapema.