Swali la Ubaoni Katika Baraza la Simu

"Kuuliza si ujinga," twawaambia watoto kila siku, lakini sisi walimu tu wagumu wa kuufuata usemi huo. Tulilitambua jambo hili mwaka 2020, tulipoingia kwa mara ya kwanza katika mjadala wa walimu wenzetu kwa njia ya simu.

Mwezi Machi mwaka ule shule nchini Tanzania zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Mwenzetu mmoja akatuingiza katika kundi la WhatsApp la walimu wa hisabati wa shule za msingi. Kwa miezi mitatu hatukuandika hata neno moja. Tulisoma ya wengine, tukahifadhi maandalio ya masomo yaliyopitishwa humo, tukajihesabu kuwa tumejiendeleza. Kwa kweli tuliogopa kuonekana hatujui.

Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, tulichukua andalio moja tulilolihifadhi, tukalifundisha kama lilivyo katika darasa la tatu. Somo lilikuwa kutoa kwa kukopa. Katika zoezi la 52 – 27, zaidi ya nusu ya darasa waliandika 35. Tulirudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Wakaandika 35 tena.

Usiku ule tulipeleka barazani picha ya daftari la mtoto mmoja, tukauliza tufanye nini. Mwalimu mmoja alishauri vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mwingine alitaka tuwakaririshe kanuni. Wa tatu, mkongwe wa kazi, aliuliza tu: "Mmemwuliza mtoto amepataje 35?" Kisha akatuandikia faraghani kwamba jina la mtoto linaonekana katika picha. Tuliifuta kwa aibu.

Asubuhi tuliwauliza watoto. Walijibu bila wasiwasi kwamba katika mbili huwezi kutoa saba, kwa hiyo walitoa mbili katika saba, wakapata tano. Hawakuwa wazembe, walikuwa na kanuni yao. Ndipo vijiti vilipopata kazi: tulifungua fungu moja la kumi, mamoja yakawa 12 na makumi yakabaki 4. Watoto wengi wakapata 25.

Wapo wakufunzi wasemao kwamba makundi haya yamejaa porojo. Mara nyingi ndivyo yalivyo. Lakini kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi ni mwalimu kuchota kimya kimya. Andalio la mwenzako liliandikwa kwa ajili ya watoto wake, wako hakuwajua. Anayepeleka swali lililotoka ubaoni kwake hupata majibu anayoweza kuyapima, na kipimo chake ni madaftari ya wanafunzi, wala si wingi wa sifa.

Basi ninyi mnaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, msingoje miezi mitatu kama sisi. Pelekeni swali moja la kweli, fichени jina la mtoto, kisha rudini mkaeleze yaliyotokea, hata mkishindwa. Sisi tulirudi wiki iliyofuata, tukakiri kwamba watoto sita bado waliandika 35. Majibu tuliyopata safari hiyo yalikuwa bora kuliko ya kwanza, maana sasa wenzetu walijua tunafundisha akina nani.